Pampu ya saa nane usiku

Fyoo-ta, fyoo-ta, fyoo-ta. Hiyo ndiyo sauti ya nyumba yetu wiki hii. Mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, khanga mabegani, macho nusu yamefumba, na pampu ya kukamulia maziwa inafanya kazi yake. Kazi yangu mimi ni kuosha vikombe, kumimina, kuandika tarehe na saa kwenye kibandiko, na kutosema neno la kipuuzi. Hilo la mwisho ndilo linanishinda.

Mtoto wetu ni njiti. Kaja wiki saba kabla ya siku zake, kilo moja na gramu mia saba, yuko wodini kwenye sanduku la joto, analishwa kwa mpira mwembamba kama utambi. Jina hana bado. Bibi yake Tanga ana jina lake, babu yake ana lake, na simu za kila siku hazijaleta suluhu. Kwa hiyo mke wangu, ambaye kwa mila za kwetu hawezi kuniita kwa jina langu kavu, ananiita Baba Nani.

"Baba Nani, imefika ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Jana usiku ilikuwa thelathini."

Mililita arobaini na tano. Sikujua kama nambari inaweza kumfanya mtu mzima atabasamu ukutani. Siku zile mbili za kwanza tulikuwa tukipata dang'a ya kujaza kijiko tu, ya njano, nzito, na muuguzi aliipokea kwa mikono miwili kana kwamba nimempa mkufu.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kupoozea. Nikiona mota inazunguka nataka kujua nani aliifikiria kwanza. Juzi, nikiwa nasubiri fyoo-ta imalize, nikaanza kuperuzi kumbukumbu za zamani za hataza za Marekani, yaani hati za haki za wavumbuzi, nikitafuta nani alianza kuunda pampu hizi za umeme. Nikaikuta moja ya mwaka 1927, namba 1,644,257, na jina la mwenye nayo ni Edward Lasker.

Nikasoma mara mbili. Jina hilo nalijua, ila silijui kwa maziwa. Nalijua kwa sataranji.

Pale North Avenue, ufukweni mwa ziwa, kuna banda la saruji lililojengwa 1957 kwa ajili ya wacheza sataranji. Mwaka wangu wa kwanza hapa Chicago, nikibeba boksi usiku na kulala mchana, hapo ndipo nilipojifunza mchezo. Nyumbani nilikuwa mtu wa drafti, visoda kumi na viwili kwenye kipande cha mbao kijiweni, na nilijiona mkali. Siku ya kwanza mzee mmoja wa Kiserbia alinimaliza kwa hatua tisa. Hakucheka. Alirudisha vipande mahali pake, akasema kesho, akaondoka. Ni yeye aliyenionyesha mchezo wa Lasker na Thomas.

London, tarehe 29 Oktoba 1912. Lasker alikuwa kijana wa miaka 26, ndiyo kwanza ametia mguu Uingereza, Kiingereza hajui. Mpinzani wake, George Alan Thomas, alikuwa mtu wa heshima zake. Hatua ya kumi na moja, Lasker anamtoa malkia. Bure kabisa, kipande kikubwa kuliko vyote, anakula mmoja wa askari wanaomlinda mfalme, naye mfalme hana hiari, lazima amle malkia huyo. Kisha farasi anamkaripia mfalme, yaani anatishia kumla. Anatoka. Farasi wa pili anamkaripia. Anatoka tena. Askari wa pembeni, askari wa jirani yake, tembo, ngome, kila mmoja anampa mfalme msukumo mmoja, na mfalme yule mweusi anatembea ubao mzima, kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye safu ya nyuma kabisa ya adui, kama mtu anayeburutwa harusini asikoalikwa. Hatua ya kumi na nane mfalme mweupe anajongea mraba mmoja tu kando. Nyuma yake kulikuwa na ngome iliyokuwa haijaondoka kwao tangu mchezo uanze. Njia ikawa wazi. Mwisho.

Nimeucheza mchezo huo peke yangu mezani labda mara hamsini. Kila nikifika pale mfalme anaposogea kando, nywele zinasimama.

Thomas alimwambia neno, Lasker hakuelewa, ikabidi mtu aliyekuwa akitazama amtafsirie: amesema ulikuwa mzuri sana. Lasker mwenyewe alikuja kusimulia kwamba neno lile lilimgusa, maana Berlin aliyeshindwa angemwambia umebahatisha tu, nilikuwa nakushinda. Hapo nilicheka peke yangu. Huyo wa Berlin tunaye kila kijiwe cha Tanga.

Lakini London alifuata nini? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko yote, na sataranji haimo. Alizaliwa 1885 Kempen, wakati huo Ujerumani, leo Poland. Akasomea uhandisi wa mitambo na umeme Charlottenburg, Berlin. Huko, kwenye mikahawa, akiwa na Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa sataranji wa wakati ule, wakaangukia mchezo wa Kijapani wa mawe meusi na meupe unaoitwa go. Ukawatia wazimu. Walicheza miaka miwili hivi, wakajiona wameiva, mpaka alipopita Mjapani mmoja mwanahisabati, akawapa mawe tisa ya kuanzia, wao wameungana wanashauriana, yeye peke yake, akawafyeka. Emanuel Lasker akiwa bingwa wa dunia, kumbuka. Ni sawa na msomi wa chuo kikuu akashuka Makunduchi kucheza bao na wazee.

Tangu hapo Edward akataka jambo moja: afike Tokyo akajifunze go kwa wenyewe. Akaingia kwenye kampuni ya vifaa vya umeme yenye ofisi Japani. Akaambiwa kule anatumwa anayejua Kijapani au Kiingereza vizuri. Akachagua Kiingereza, ndiyo maana akaenda London. Tokyo kupitia London. Halafu 1914 vita vikalipuka, na yeye ni Mjerumani ndani ya Uingereza. Mlango wa Tokyo ukafungwa. Akapanda meli kwenda Marekani, alikozaliwa mama yake.

Nimesimama hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa niende Muscat. Mjomba alikuwa amenitafutia kazi, mkataba nimesaini, nguo nimepanga. Siku kumi kabla ya safari mambo yakaharibika, sitaki kueleza, na mwaka uliofuata ndipo bahati nasibu ya viza ikaniangukia mimi niliyejaza fomu kumsindikiza rafiki. Watu huniuliza kwa nini nilichagua Amerika. Sina jibu la maana la kuwapa.

Basi Lasker akaja kukaa Chicago hii hii, akifanya kazi ya uhandisi. Sataranji aliicheza kwa muda wa kuibia. Na kwa muda huo wa kuibia akachukua mashindano ya Western, ambayo siku hizi ndiyo U.S. Open ya sataranji, mara tano: 1916, 1917, 1919, 1920 na 1921. Marekani ilipoingia vitani 1917 alipata karatasi za kuitwa jeshini, na kwa kuwa alikuwa raia wa Ujerumani aliruhusiwa kukataa. Hakukataa. Alihesabu kwamba akikubali, uraia utakuja haraka. Vita vikaisha kabla hajaitwa. Hesabu ya namna hiyo anaielewa yeyote aliyewahi kukaa foleni ya uhamiaji na bahasha kwapani.

Mwaka 1923 alicheza na Frank Marshall kugombea ubingwa wa Marekani. Michezo kumi na minane, mji huu leo, mji ule kesho. Marshall alikuwa mtu wa sataranji asubuhi mpaka usiku. Mhandisi wetu alishinda minne, akafungwa mitano, wakatoka sare tisa. Ushindi ni pointi moja, sare ni nusu: alikosa kwa pointi moja. Kwa sababu ya pointi zile nane na nusu akaalikwa New York, Hoteli ya Alamac, Machi na Aprili 1924, kwenye mashindano ambayo mpaka leo yanatajwa kwa sauti ya chini kama msikitini: Emanuel Lasker, Capablanca, Alekhine, Réti, wakali wa dunia wa wakati ule, wote chumba kimoja. Wachezaji kumi na mmoja, kila mtu michezo ishirini. Edward akamaliza wa kumi, pointi sita na nusu.

Mzee wa Kiserbia alikuwa akiitaja nambari hiyo kwa dharau. Wa kumi kati ya kumi na mmoja! Nilikuwa kimya kwa sababu yeye ndiye mwalimu. Leo ningemjibu. Wengi wa wale walikuwa hawana kingine, mchezo ndio mkate. Huyu alikuwa na kazi ya kurudia Jumatatu.

Na pale pale New York alikaa na Emanuel, yule mkubwa wake wa mikahawa ya Berlin, wakacheza hatua 103. Mwishoni Edward ana ngome na askari mmoja, Emanuel ana farasi tu. Mtu yeyote angekwambia hapo ngome inashinda. Nimeupanga ubao huo jana kwenye meza ya jikoni, katikati ya chupa zinazokauka, nikamsukuma farasi huku na kule, nikamtafutia mfalme mweupe wa Edward njia. Hakuna. Farasi yule mchovu haondoki, na mfalme hapiti. Ikawa sare. Mke wangu alipita kuchukua maji, akaangalia.

"Mbona vimebaki vitano tu?"

"Ndiyo wamefika mwisho."

"Nani anashinda?"

"Huyu mwenye ngome ndiye alidhani anashinda."

Akachukua maji yake.

Sasa pampu. Miaka ile ile, Chicago ilikuwa imeanza kuwachukulia njiti kama watu. Mwaka 1922 daktari Julius Hess alifungua kituo maalumu cha watoto njiti kwenye hospitali ya Sarah Morris, hapa hapa mjini. Njiti hana nguvu ya kunyonya, maziwa ya mama lazima yatoke kwa njia nyingine, na vidude vya mpira vya kubinya kwa mkono vilikuwa vinaumiza na havitoshi. Daktari mwingine wa watoto wa hapa, Isaac Abt, alitaka mashine ya umeme, na mtu aliyeitengeneza ni Lasker. Alichoelewa ni kwamba mtoto havuti mfululizo. Anavuta, anaachia, anavuta, anaachia. Ukivuta tu bila kuachia unaumiza na hupati kitu. Hiyo ndiyo fyoo, na hiyo ndiyo ta.

Ilimpa pesa kuliko sataranji. Marafiki zake walimtania, kwa sababu kwa Kiingereza neno la sataranji (chess) na neno la kifua (chest) yanatofautiana kwa herufi ya mwisho tu, wakawa wanamwita mchezaji wa kifua. Utani wa kijiweni kabisa. Nilipomwambia mke wangu alicheka mpaka kikombe kikataka kumwagika, na kikombe kikimwagika saa hizi ni msiba.

Aliishi miaka 95. Go hakuiacha, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama chake hapa Marekani, na 1934 aliandika kitabu cha kuwafundisha Wamarekani. Emanuel naye alikuja kuwa mhamiaji, akafia New York 1941. Muda si mrefu kabla ya kufa alionyeshwa nasaba ya ukoo wa Lasker, na kwenye tawi la mbali kabisa likawepo jina la Edward. Miaka yote ile ya Berlin na New York, kumbe ndugu. Hili nimelituma kwenye kundi la familia, na baba amejibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu ukoo wetu wa Pangani. Sijamaliza kuusikiliza.

Banda la ufukweni sijalikanyaga tangu mtoto azaliwe. Mzee wa Kiserbia tulimpoteza miaka mitatu iliyopita, na huu ni Februari, hata meza zenyewe zina theluji.

Saa tisa kasoro. Fyoo-ta imenyamaza. Hamsini na mbili! Mke wangu keshalala amekaa, nimemlaza, nimemfunika, nimefungua vikombe na kuvisuuza kwa maji ya moto. Nimeandika kibandiko: tarehe, saa, jina la mama, na palipoandikwa jina la mtoto nimeacha wazi tena. Chupa nitaipeleka wodini saa kumi na moja, kabla ya kuingia kazini. Naiweka kwenye mfuko wa barafu, mfuko naupenyeza ndani ya koti, zipu juu mpaka kidevuni.