Guangzhou, treni si tatizo

Wanaofuata mzigo Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza huniuliza sana habari za treni za chini ya ardhi, kana kwamba huko ndiko watakakopotelea. Huko hupotei. Majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi zetu hizi, kila laini ina namba na rangi yake, nauli inaanzia yuan 2. Utapotea ukishapanda juu.

Kituo kikubwa kina milango mingi ya kutokea, A, B, C na kuendelea, na ukikosea mlango unajikuta ng'ambo ya barabara pana yenye uzio katikati. Kwa hiyo mwenye duka akikutajia kituo, muulize na mlango. Anayenijibu "we njoo tu, utaona" namwambia basi aje anipokee.

Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun kwenda Xiaobei, mtaa unaojulikana na Waafrika wengi, utapanda laini ya 3. Usiende nayo hadi Tiyu Xilu, kituo chenye msongamano mkubwa, hasa jioni ukiwa na begi. Pale utabanwa hadi usijue mkono wako uko wapi. Shuka Jiahewanggang, ingia laini ya 2 hadi kituo kikuu cha reli, kisha laini ya 5, kituo kimoja tu. Unapoingia kituoni begi litapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, hata kama ni mkoba mdogo. Weka, chukua, endelea.

Saa tano usiku ikipita treni zinaanza kwisha, na hapo ni Didi, teksi ya kuita kwa simu. Dereva hana haja na jina lako, anataka tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu. Zikariri kwa Kichina, nasema kweli, zitakufaa kuliko salamu. Kulipa, unganisha kadi yako ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla hujasafiri. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato yao. Ramani ya Google achana nayo. Kwa intaneti ya huko haifunguki bila VPN, yaani programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, na ikifunguka inaweza kukuweka mtaa wa pili. Tumia Amap, ramani ya Wachina wenyewe.

Ukiwa kwa miguu, jihadhari na pikipiki za umeme. Hazina mlio, na nyingi hupita palepale wanapopita watu. Geuka utazame nyuma kabla hujahama upande.