Sikio la mwalimu wa zamu

Jana usiku nilikuwa najaza fomu ya mwanangu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, vyote nikavitia tiki. Nikafika kwenye makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi shule: wizi, kupigana, kugoma, kudharau Bendera ya Taifa au Wimbo wa Taifa. Chini yake mzazi anatakiwa asaini kwamba amesoma na amekubali. Kalamu nikaiweka mezani.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nyumba yetu nzima ni Mashahidi wa Yehova, na Shahidi haimbi wimbo wa taifa wala hasalimu bendera, kwa sababu kwake hiyo ni ibada na ibada ni ya Mungu peke yake. Anasimama wima na kunyamaza. Walimu walitujua hivyo na walituacha, hadi alipokuja mkuu mpya.

Ilikuwa Jumatatu, ukungu wa Tukuyu haujainuka juu ya migomba. Skauti walipandisha bendera, wimbo ukaanza. Mwalimu wa zamu akawa anapita katikati ya mistari. Siku nyingine alikagua soksi na kucha. Siku hiyo alikuwa anasikiliza midomo. Anainama, anasogeza sikio karibu kabisa na uso wa mtu, anatulia kidogo, anahamia kwa mwingine. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto muda mrefu kabla hajanifikia. Mikono nimeinyoosha ubavuni, vidole gumba juu ya mshono wa sketi, kama tulivyofundishwa. Aliponiinamia niliona vumbi la chaki kwenye kola yake na nywele zilizochomoza sikioni. Msichana aliyekuwa nyuma yangu alininong'oneza, "Chezesha mdomo tu, wewe, chezesha mdomo." Sikuchezesha. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, sikio lile bado lipo pale, nami nimebana pumzi kwa hofu kwamba hata pumzi yangu ataihesabu kuwa neno.

Wimbo ulipokwisha akaniita mbele. "Imba peke yako, shule nzima ikusikie."

Nikamwambia, "Mwalimu, nitasimama kwa heshima kila siku, ila kuimba siwezi." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka: viboko, barua ya kusimamishwa masomo, mzazi kuitwa. Baba ni fundi cherehani, na alikuja amevaa koti lake la mikutano. Pale ofisini alisema, "Mwalimu, ukimlazimisha utapata sauti yake, ila mwenyewe hutampata." Akawaeleza habari za watoto watatu wa Kerala, India, waliofukuzwa shule kwa jambo hilihili, na Mahakama ya Juu ya nchi yao ikawarudisha darasani mwaka 1986. Akajibiwa kwamba hapa si India. Kidato cha nne nilikifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika kesi ya wanafunzi 127, Mashahidi kama sisi, walioadhibiwa kwa kutoimba. Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia. Majaji wa Rufani wakaona uhuru wao wa dini, ule wa Ibara ya 19 ya Katiba, umevunjwa. Niliisoma habari hiyo huyu mwanangu akiwa bado mdogo wa kubebwa, na nililia kwa furaha. Bado naamini majaji walisema kweli. Serikali haina la kufanya ndani ya kinywa cha mtoto anayesimama kwa adabu.

Ila kuna jambo ambalo huwa silisimulii. Mdogo wangu alikuwa kidato cha kwanza shuleni hapohapo, mistari michache kutoka nilipo. Yeye aliimba, beti zote mbili. Nilimsikia.

Muhula ule wote Baba hakuipokea salamu yake. Mtoto anaingia asubuhi, anasema "Shikamoo, Baba," na Baba anaendelea kutia uzi kwenye sindano. Ni Baba yuleyule aliyemwambia mkuu wa shule maneno yale, na nilimpenda sana kwa maneno yale. Mzazi ana haki ya kumlea mwanawe katika imani yake, hilo nitalitetea popote. Lakini mtoto akiwa na miaka kumi na minne, dhamiri yake ni ya nani? Yangu ilikuwa yangu, au ilikuwa ya Baba ikikaa kwangu? Nikiukumbuka mstari ule nina hakika ni yangu. Nikimkumbuka mdogo wangu, hakika hiyo inapungua. Na huyu wangu wa kidato cha kwanza sijamwuliza kama ataimba.

Nilimpigia mdogo wangu Kyela usiku uleule, nikamsomea maneno ya fomu. Akakaa kidogo, kisha akasema, "Dada, wewe ulikuwa na serikali ya kushitaki. Mimi ningemshitaki nani?"

Nilitaka kumwambia Baba alikuwa anatulinda sote. Sikuweza, maana nilikuwa pale mezani kila asubuhi, na mimi marahaba yangu niliipata.

Sasa mdogo wangu na Baba wanasalimiana vizuri, wanataniana hata. Mwezi wa pili nakwenda Tukuyu, na nilimwomba tukutane kwa Baba tulizungumze, Mama akiwepo. Amekataa.