Sekunde za upofu katika maabara ya Chongqing

Nilikwenda Chongqing kusomea uhandisi wa vifaa tiba kwa sababu huko madaktari walianza, mwaka 1997, kutibu wagonjwa wa uvimbe kwa mawimbi makali ya sauti bila kupasua ngozi, wakiongozwa na picha ya altrasaundi. Mama mdogo aliondolewa kizazi chote kwa ajili ya fibroidi, uvimbe wa kwenye kizazi, naye bado alikuwa akitamani mtoto. Jambo hilo sijalizoea hadi leo.

Jioni ninayoikumbuka ilikuwa ya Julai, joto limebana. Ndani ya tangi la maji yaliyotolewa hewa, maana viputo huyazuia mawimbi njiani, tulizamisha kipande cha maini ya ng'ombe. Chini yake kulikuwa na bakuli la kurushia mawimbi ya tiba, megahezi 1 (mitetemo milioni moja kwa sekunde), na katikati ya bakuli kichwa cha kupigia picha, megahezi 3.5. Skrini ilionyesha maini vizuri, mpaka mishipa. Mwalimu akabonyeza kitufe, picha ikapotea. Michirizi myeupe ilijaa skrini nzima ikawa inatembea, kama televisheni ya zamani antena yake ikipigwa na upepo.

Mwangwi unaorudi kutoka kwenye nyama ni dhaifu mno ukilinganisha na mawimbi ya tiba. Tena mawimbi hayo hayabaki megahezi 1. Yakipita kwenye nyama huzaa 2, 3 na kuendelea, na ya 3 huangukia palepale kichwa cha picha kinapotega sikio. Wakati huohuo, pale mawimbi yanapokutana, joto linapita nyuzi 60 kwa sekunde chache na nyama inakufa. Ndizo sekunde ambazo daktari haoni kitu. Mgonjwa akikohoa, utumbo ukijisogeza, nani atajua?

Kaka mmoja wa Mwanza, aliyekuwa mwaka wa mwisho, alishajaribu kuichuja kelele ya mawimbi ya tiba. Michirizi ilipungua, lakini maini nayo yakafifia, na viputo vilipoanza kutokea ndani ya nyama, kelele ilienea kwenye masafa yote.

"Mdogo wangu," akaniambia, "tusipigane na kelele. Tuipangie zamu."

Wazo lenyewe watafiti wa University of Washington, Seattle, walishalichapisha mwaka 2001. Picha hujengwa mstari baada ya mstari. Yetu ilikuwa na mistari 128, na kwa kina cha sentimita 15 kila mstari husubiri mwangwi wake kwa takriban milisekunde 0.2; fremu nzima, yaani picha moja kamili, ni kama milisekunde 25. Tukachukua ishara ya mwanzo wa fremu kutoka mashine ya picha, tukaipeleka kwenye jenereta ya mawimbi ya tiba: irushe nusu ya fremu, inyamaze nusu. Michirizi ikaacha kutembea. Ikasimama kushoto, ukuta mweupe. Nikazungusha polepole kitufe cha kuchelewesha, ukuta ukasogea, hadi ukagawanyika pembeni huku na huku, katikati picha ikaonekana wazi.

Hapo ndipo nilipoliona doa likichipuka ndani ya maini na kukua machoni petu, mawimbi yakiwa bado yanafanya kazi. Doa hilo hufifia yakizimwa, viputo vikitoweka, kwa hiyo asiyeliona wakati uleule anaweza kulikosa.

"Laoshi," yaani mwalimu kwa Kichina, "njoo uone!"

Mwalimu alitazama kwa muda, kisha akauliza: nusu ya nguvu imekwenda wapi? Swali la haki. Ukirusha nusu ya muda, wastani wa nguvu ni nusu, na kwa mtu aliye hai damu inayopita hubeba joto. Ilibidi tuongeze muda wa kuchoma. Nilitetea hilo mbele yake na ninalitetea hata sasa: tiba ichelewe, ila asichomwe mtu na asiyeona anachochoma.

Tulipopasua maini, sehemu iliyoiva, ya kijivu, ilikuwa palepale skrini ilipoonyesha. Pembeni nyama ilikuwa mbichi na nyekundu. Kaka akaweka rula, mimi nikaandika vipimo. Kisha tukazamisha kipande kingine, safari hii tukikipandisha na kukishusha kwa mota ndogo, maana mgonjwa anapumua.