Nilivyokadiria faida ya mijakaranda ya mtaani kwetu

Kamati ya mtaa wetu hapa South B, Nairobi, ilipopendekeza kukata mijakaranda 11 ili kupanua maegesho ya magari, niliomba wiki mbili nikadirie faida yake, kwa kuwa gharama ya kuikata ilikuwa imeshaandikwa na faida ya kuiacha haikuandikwa popote.

Nilianza na mti wa langoni. Niliuzungushia futi ya fundi wa nguo, mita 1.3 kutoka ardhini, nikapata mzingo wa sentimita 188, yaani kipenyo cha sentimita 60 hivi. Urefu niliupata kwa kijiti kinacholingana na mkono wangu: nilikishika wima, mkono ukiwa umenyooka, nikarudi nyuma hadi kikaufunika mti wote, kutoka hapo hadi shinani ni mita 15, na huo ndio urefu wake. Kwa kanuni inayotumiwa kwa miti ya nchi za joto, uzito wake mkavu, bila mizizi, ni takriban tani 1.4. Karibu nusu ni kaboni, nayo ukiizidisha kwa 3.67 unapata tani 2.6 za kaboni dayoksaidi. Hiyo ni akiba ya miaka mingi, wala si pato la kila mwaka, na wengi huchanganya mawili haya.

Programu ya kukadiria faida za miti ya i-Tree, iliyotolewa na Shirika la Misitu la Marekani mwaka 2006, huhesabu pia umeme unaookolewa katika kupoza na kupasha nyumba joto. Nyumba zetu hazina mitambo hiyo, kwa hiyo faida hiyo niliiondoa. Faida ya mvua niliibakiza: matawi yanafunika mita 113 za mraba, hivyo kila milimita inayonaswa na majani ni lita 113 zisizokimbilia mtaroni kwa mara moja. Nilipunguza hesabu ya miezi ambayo mjakaranda hupukutisha majani.

Kilichobaki ni kivuli, nacho sikukipata kwenye kanuni yoyote. Nilimuuliza mama mboga anayeuza chini ya mti ule angefanyaje ukikatwa.

“Mwanangu, sukuma wiki juani hainifikishi saa sita. Nitanunua mitungi miwili zaidi ya maji kila siku, ya kunyunyizia.”

Mtungi ni shilingi 20. Kwa siku 300, ni shilingi 12,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mtu mmoja.

Upande wa gharama niliandika mtaro uliopasuliwa na mizizi, na miti miwili yenye mashina yaliyooza ndani. Kamati ilikubali kukata hiyo miwili tu.