Kiangazi katika Mlangobahari wa Lancaster

Tulisafiri kwa meli ndogo katika Mlangobahari wa Lancaster, ambao Wainuit, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huuita Tallurutiup Imanga, kaskazini mwa Kanada, katika majira ambayo jua halizami kabisa. Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni Kisiwa cha Prince Leopold, ambako majabali yenye kimo cha zaidi ya mita 200 hujaa maelfu kwa maelfu ya ndege wa baharini, kiasi kwamba sisi tuliokuwa kwenye boti za mpira tulilazimika kupaza sauti ili tusikilizane. Dubu weupe tuliwaona kwa mbali tu, na ndivyo inavyopasa. Katika Kisiwa cha Beechey tulipita makaburi ya mabaharia wa msafara wa mvumbuzi Mwingereza John Franklin, ulioondoka Uingereza mwaka 1845.

Huko Pond Inlet, kijiji cha Wainuit, bibi mmoja alituwashia qulliq, taa iliyochongwa kwa jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni, inayotumia mafuta ya sili, mnyama wa baharini, akiusawazisha utambi kwa kijiti hadi mwali ukanyooka ukingoni mwote bila kutoa moshi. Baadhi ya wasafiri walikunja uso walipoona nyama ya sili, jambo lililonisikitisha, kwani katika nchi isiyolimika, ambako bidhaa za dukani huletwa kwa ndege au kwa meli za kiangazi na kuuzwa kwa bei ya juu mno, uwindaji ndio unaowalisha watu, na nyama hugawanywa miongoni mwa jamaa na majirani.