Ngozi ngumu, kiini kivumilivu: siku moja kwenye tanuri la gia

Saa 12 asubuhi. Gia zilizotoka kuchongwa meno zinaoshwa kwa sabuni ya moto, zinakaushwa na kupangwa kapuni zisigusane. Grisi ikibaki juu ya jino, kaboni ya tanurini, ile inayowezesha ngozi ya chuma kuwa ngumu, haipenyi sawasawa na panabaki doa laini. Sehemu zenye nyuzi za skrubu hupakwa rangi ya kuzuia kaboni. Kipande cha majaribio cha chuma kilekile nacho kinaingia.

Saa 1:30, tanuri linafungwa. Joto linapandishwa hadi 925°C, gesi yenye kaboni inazunguka. Chuma hiki kina kaboni asilimia 0.2 tu, tunataka ngozi yake ifike 0.8. Ni kusubiri.

Saa 4 anaingia mteja. Anataka gia ziwe ngumu hadi ndani, tena zitoke mchana. Kila wiki yupo mmoja wa hivi. Jino hupigwa kila linapokutana na mwenzake. Likiwa gumu lote huvunjika kama kigae. Ganda, yaani ngozi iliyopata kaboni, la 58 hadi 62 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C ndilo linalostahimili msuguano, kiini cha 30 na kitu ndicho kinachopokea kipigo. Na ganda la milimita 1 hula saa nne au tano. Ukitaka milimita 2, muda hauzidishwi mara mbili bali mara nne, maana kaboni hupunguza mwendo kadiri inavyozama. Kuongeza moto? Chembe za chuma hukua, gia hupinda.

Akatoa gia nyingine mfukoni, ya chuma chenye kaboni 0.45. "Na hii itie humo humo, fundi. Si yote chuma?" Hapana. Hiyo kaboni inayo tayari. Ikiingia humu, hata kiini kitakakamaa. Yake ni koili ya umeme: ngozi inapashwa kwa sekunde chache, kisha maji.

Mchana joto linashushwa hadi 840°C, kisha kapu linazama kwenye mafuta ya 60°C ili gia zizimwe, yaani zipoe ghafla na ngozi ikakamae. Hapa ndipo mikono inapochoka na macho yasipopepesa. Mafuta yamepimwa kwanza: maji kidogo tu chini ya pipa huchemka ghafla na kurusha moto. Kapu likikwama nusu, mafuta yanawaka.

Kupasha tena kwa 180°C, saa mbili, hakulazwi hadi kesho. Chuma kilichozimwa kina mkazo, kinaweza kupasuka usiku kikiwa rafuni.

Giza limeshaingia kipande cha majaribio kinapokatwa: ugumu 60, ganda milimita 0.9. Gia moja imepinda, itasagwa taratibu, kwani jiwe likilazimishwa huunguza ngozi na kuilainisha upya. Ile ya 0.45 inangoja koili ya kipenyo chake, bado haijakunjwa.