Jinsi kidonda cha sindano kilivyopona kwa msaada wa oksijeni

Nilidungwa sindano ya diklofenaki takoni kwa ajili ya maumivu ya kiuno, na kabla sijafunga mkanda nilihisi moto mkali, ngozi ikaingia weupe, na kufikia jioni ikawa na michirizi ya zambarau iliyosukana kama wavu wa mvuvi. Daktari bingwa alisema ni ugonjwa wa Nicolau, ulioelezwa tangu miaka ya 1920 kwa waliodungwa chumvi za bismuthi, metali iliyotumiwa kama dawa: mishipa midogo ya damu huziba, na nyama inayoitegemea hufa.

Baada ya nyama nyeusi kukatwa, niliingizwa katika chemba ya shinikizo, ile wanayotibiwa wapiga mbizi, nikavuta oksijeni tupu kwa shinikizo la angahewa 2.4, yaani mara 2.4 ya shinikizo la kawaida la hewa, dakika 90 kila siku. Masikio huziba kama ya abiria wa ndege. Ukimeza mate yanazibuka. Kufikia kikao cha 12, sakafu ya kidonda ilikuwa nyekundu, yenye chembechembe kama komamanga lililopasuliwa. Oksijeni haikufufua kilichokwisha kufa, wala ushahidi wake kwa ugonjwa huu adimu si mwingi, lakini naamini iliziokoa kingo zilizokuwa zikielekea kuoza. Baada ya vikao 20 niliweza kuketi bila mto.